TAA BORA NI ILE ISEMAYO KWELI

Mnunuzi wa kanga mwenye uzoefu, awe katika soko la Tabora au la Ujiji, haamini rangi aionayo chini ya taa ya dukani. Huichukua nguo, akatoka nayo mpaka mlangoni, akaikunjua juani, ndipo akaamua. Amekwisha jifunza kwamba rangi si mali ya nguo peke yake. Hutokana na nguo pamoja na nuru iiangukiayo. Taa ikibadilika, rangi nayo hubadilika, ingawa uzi ni ule ule na kiwanda ni kile kile.

Hekima hiyo ya mlangoni mwa duka hukosekana mara nyingi katika jambo lionekanalo dogo, nalo ni uchaguzi wa taa za mahodhi ya samaki. Hodhi la kioo lenye samaki au matumbawe hai limekuwa pambo la hoteli, ofisi na nyumba za watu katika nchi nyingi. Kwa jinsi taa za LED zilivyoshuka bei, kila mwenye hodhi amepata uwezo wa kuyapa maji yake rangi aitakayo kwa kubonyeza kitufe tu. Swali liulizwalo karibu daima ni moja: taa ipi itazifanya rangi zing'ae zaidi? Swali hilo si sahihi, na halistahili hasa katika nchi yenye maziwa na miamba ya matumbawe kama Tanzania. Lililo sahihi ni hili: taa ipi itazionyesha rangi kama viumbe wenyewe wanavyoonyeshana? Na mahali pafaapo kuliuliza ni Tabora, mji usio na bahari wala ziwa, lakini ulio katikati ya njia iunganishayo vyote viwili.

NJIA YA RANGI

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, kabla ya kuendelea magharibi, kuvuka mto Malagarasi na kufika Ujiji. Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, karibu na Tabora, Novemba 1857, na Ujiji Februari 1858. Mizigo ya wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, ilikuwa nguo na shanga katika kwenda, na pembe za ndovu katika kurudi.

Shanga hizo zilikuwa fedha ya njiani, na kila nchi ilikuwa na rangi yake. Zile nyekundu zilizoitwa samesame, zenye rangi ya marijani, zilipendwa mno mahali pengi. Aina nyingine zilipokelewa kwa furaha katika nchi moja na kukataliwa katika nchi ya pili. Mfanyabiashara aliyekosea kuchagua rangi pwani aliligundua kosa lake baada ya mwendo wa miezi, akiwa na mzigo asioweza kuununulia hata chakula. Njia hiyo, basi, ilifundisha tangu zamani kwamba rangi haina thamani mpaka ijulikane ni macho ya nani yatakayoitazama.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata kwa sehemu kubwa nyayo za wapagazi. Katika miisho miwili ya njia hiyo kuna maji yenye rangi ambazo shanga haziwezi kushindana nazo. Upande wa mashariki kuna matumbawe ya Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, ambamo huishi aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu wa perege na sato. Karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Kwa miongo mingi samaki hao wamekuwa wakipelekwa Ulaya, Marekani na Asia kuwa mapambo, na huko wanaogeshwa kwa taa za gharama kubwa. Lakini mwanafunzi wa Tabora, aliye umbali wa kilometa zipatazo 400 tu kwa reli kutoka Kigoma, anaweza kumaliza masomo yake ya biolojia bila kumwona hata mmoja wao akiwa hai.

NURU NDANI YA MAJI

Nuru nyeupe ya jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Maji hayazipitishi rangi hizo kwa usawa. Maji safi humeza nyekundu kwanza, katika mita chache za mwanzo. Kisha rangi ya machungwa na manjano. Buluu ndiyo husafiri mbali kuliko zote. Kwa hiyo, katika Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni maangavu sana, mpiga mbizi aliyeshuka mita 20 hujikuta katika ulimwengu wa buluu, na damu ya kidole alichojikwaruza jiweni huonekana nyeusi.

Ziwa Viktoria ni kinyume chake. Katika ghuba ya Mwanza maji yana mwani na chembe za udongo, navyo humeza buluu kwanza. Samaki anaposhuka, nuru imzungukayo huelekea rangi ya machungwa na nyekundu. Basi maziwa mawili ya nchi moja, yaliyounganishwa na Tabora kwa matawi mawili ya reli, yana vilindi vyenye nuru mbili zinazopingana. Mtu asemaye kwamba ana taa yenye “nuru ya maji” hana budi kuulizwa: maji yapi, na kina gani?

Hata ndani ya ziwa moja jibu si moja. Samaki wa jenasi ya Tropheus hula mwani juu ya mawe ya kando, penye jua kali. Wana jamii za rangi mbalimbali, kila moja katika pwani yake ya mawe. Cyphotilapia frontosa, mwenye nundu pajini na milia myeusi ubavuni, hukaa kwa kawaida chini zaidi ya hapo, penye nuru hafifu ya buluu. Akiwekwa chini ya taa kali hujificha katika mapango ya mawe. Mwenye hodhi hulalamika kwamba amenunua samaki mwoga, kumbe amenunua taa isiyomfaa.

TAA YA DIODI NA UONGO WAKE

Globu za zamani za waya zilitoa joto jingi na nuru ya manjano iliyokosa buluu. Taa za mirija zilikuwa nafuu zaidi kwa matumizi ya umeme, lakini nuru yake ilikuwa na vilele vichache vya rangi na mabonde kati yake. Taa za LED zimetengenezwa kwa diodi, yaani kipande kidogo cha madini kitoacho nuru umeme upitapo ndani yake. Diodi nyekundu ilipatikana mwaka 1962. Ya buluu iliwasumbua wataalamu kwa miaka thelathini zaidi, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliofanikiwa kuitengeneza walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Sababu ya heshima hiyo ni kwamba bila diodi ya buluu hakuna taa nyeupe ya LED iliyo ya kawaida. Ndani ya taa hiyo kuna diodi ya buluu, yenye urefu wa wimbi upatao nanometa 450, iliyofunikwa kwa unga wa manjano. Sehemu ya nuru ya buluu hupenya, sehemu nyingine hugeuzwa na unga kuwa manjano, na jicho la binadamu huuona mchanganyiko huo kuwa mweupe. Lakini weupe huo una mapengo: buluu ni nyingi, rangi ya baina ya buluu na kijani ni chache, na nyekundu iliyokolea ni haba. Taa mbili zaweza kuangaza ukuta kwa weupe ule ule, na hata hivyo samaki mwekundu akang'ara chini ya moja na kuwa kahawia chini ya nyingine.

Kwa sababu hiyo mnunuzi hana budi kutofautisha vipimo viwili viandikwavyo kwenye maboksi ya taa. Cha kwanza ni kelvini, ambacho husema tu weupe wa taa waelekea wapi: 3,000 ni weupe wa manjano, 6,500 ni kama mchana, na 10,000 au zaidi huelekea buluu. Hakisemi lolote juu ya mapengo. Cha pili ni kipimo cha uaminifu wa rangi, kiandikwacho Ra, ambacho kilele chake ni 100. Taa nyingi za kawaida zina 80. Zilizo bora hupita 90. Mwuzaji hupenda kutaja cha kwanza, na mnunuzi mwerevu huuliza cha pili.

Ipo pia taa ya namna ya tatu, nayo ndiyo ipendwayo zaidi na wenye mahodhi ya maonyesho. Hiyo ina diodi nyekundu, kijani na buluu kila moja mbali, na mwenye nayo huweza kuongeza nyekundu mpaka samaki aliyefifia aonekane kama kaa la moto. Chombo chenyewe hakina kosa. Ni mtumishi anayetii kila amri. Kosa ni amri anayopewa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na taa iliyozidishwa rangi ni mojawapo ya njia za kukitembeza kibaya.

UZURI UNAOFICHA UGONJWA

Madhara ya amri mbaya huonekana wazi katika matumbawe. Tumbawe ni mnyama, lakini katika mwili wake huishi mwani wadogo mno ambao hujitengenezea chakula kwa nuru na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa ya riziki yake. Taa ya hodhi la matumbawe, basi, ni shamba kwanza na pambo baadaye. Aidha, matumbawe mengi yana protini ambazo hupokea nuru ya buluu na kuirudisha ikiwa ya kijani au nyekundu. Ndiyo maana chini ya taa za buluu hodhi huwaka kama mji wakati wa sherehe.

Hapo ndipo mtego ulipo. Bahari inapopata joto kupita kiasi, kama ilivyotokea mwaka 1998 katika miamba ya Tanzania, tumbawe huwapoteza mwani wake na kuwa jeupe. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulieleza kwamba baadhi ya matumbawe yaliyopoteza mwani huzidisha rangi zake ing'aazo, kama mtu ajitafutiaye mwavuli juani. Kwa hiyo mng'ao mkali waweza kuwa kilio cha mgonjwa. Mtazamaji aliyezoeshwa na taa za buluu kwamba mng'ao ni afya atakipigia makofi kilio hicho. Mafunzo ya namna hiyo ni mabaya kuliko kutokuwa na mafunzo, hasa kwa taifa lililoanzisha Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995 ili kuilinda miamba yake.

SAMAKI MWENYE JINA LA MWALIMU

Katika ghuba ya Mwanza kuna sikilidi wawili walio ndugu wa karibu. Dume la mmoja lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia. Dume la pili ni la rangi ya buluu. Wa pili huitwa Pundamilia pundamilia, na wa kwanza, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1985, huitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Julius Nyerere. Jina hilo linaihusu Tabora kwa namna ya pekee. Mwalimu aliingia Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, na baada ya Makerere alirudi mjini humo kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, na biolojia ilikuwa mojawapo ya masomo aliyofundisha.

Majike ya samaki hao wawili hufanana sana, na kila jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake waliwaweka samaki hao katika mahodhi. Chini ya nuru nyeupe yenye rangi zote, jike alimchagua dume wa aina yake. Chini ya nuru ya rangi moja, iliyofuta tofauti ya nyekundu na buluu, alishindwa kubagua. Mwaka 1997 watafiti hao walionyesha kwamba ziwani nako, penye maji machafu zaidi, rangi za samaki zimefifia na aina zao ni chache. Sangara aliyeletwa katika miaka ya 1950 aliangamiza wengi kwa meno yake. Lakini maji machafu huangamiza kwa njia ya kimya. Samaki hafi. Anachanganyika tu na jirani yake mpaka aina mbili zinakuwa moja.

Mwaka 2017 jambo jingine lilitangazwa. Samaki hao walipolelewa chini ya taa zilizoiga nuru ya kina chao cha asili, waliishi vizuri zaidi kuliko walipolelewa chini ya nuru ya kina cha ndugu yao. Katika majaribio yote mawili maji hayakuwa na sumu. Kilichobadilishwa ni taa. Baada ya hayo, hapana tena nafasi ya kusema kwamba taa ya hodhi ni suala la ladha ya mwenye nyumba. Inahusu uhai na ukoo wa samaki.

TAA YA TABORA

Watu watasema kwamba hodhi la samaki ni anasa, na kwamba shule yenye uhaba wa madawati haina haja nalo. Hoja hiyo ni nzito na haifai kubezwa. Hakuna asemaye kila shule iwe na hodhi. Linalopendekezwa ni moja tu, katika mji wa Tabora, mahali ambapo shule zote zaweza kulitembelea kwa zamu. Na Kwihara, penye nyumba aliyokaa Livingstone na kumbukumbu za misafara, pangefaa kama shule. Samaki wachache wa Kigoma, waliovuliwa kwa kibali, wangesafiri kwa njia ile ile ya wapagazi katika mifuko yenye maji na oksijeni. Matumbawe yaachwe baharini. Picha zake zilizopigwa kwa nuru ya kweli zatosha.

Taa yake haina gharama ya kutisha. Itafutwe taa nyeupe ya kelvini zipatazo 6,500 yenye Ra ya 90 au zaidi, na pembeni yake safu ya diodi za buluu yenye swichi yake. Ya kwanza ni kwa samaki wa mawe ya juu. Ikipunguzwa na ya pili kuwashwa, mwanafunzi anashuka kwa macho mpaka vilindini. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 12, ambazo ndizo takribani urefu wa mchana wa Tabora mwaka mzima, hutumia robo ya yuniti moja ya umeme. Usiku izimwe, maana samaki naye ana usiku wake. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ndiyo ya kuhangaikiwa; taa yaweza kungoja.

Wengine watasema kwamba bila rangi kali watoto hawatavutwa. Jibu ni kuwapa watoto swichi. Wawashe taa ya maonyesho, kisha waizime na kuwasha ya kweli, na waulizwe ni kipi kilichobadilika, samaki au nuru. Mtoto aliyejibu swali hilo amepata fizikia na biolojia kwa pamoja, na hatadanganyika upesi mbele ya duka lolote.

Kisha mwalimu afunike taa kwa karatasi angavu ya rangi ya machungwa. Buluu itakuwa giza, manjano na nyeupe zitafanana, na samaki waliokuwa tofauti watakuwa vivuli. Hapo awaeleze kwamba karatasi hiyo ni tope. Sehemu kubwa ya maji ya Mkoa wa Tabora huelekea Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Mabwawa ya Malagarasi na Muyovosi, yaliyowekwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, huchuja udongo mwingi njiani, lakini uwezo wake una kikomo. Kila mti wa miombo ukatwao kwa ajili ya kukausha tumbaku bila kupandwa mwingine, na kila shamba lilimwalo mpaka ukingoni mwa mto, huongeza udongo katika maji hayo. Tope ndiyo taa mbaya kuliko zote, na mikono inayoiwasha haikai Ujiji peke yake.

Misafara ilichukua pembe kutoka bara ikaacha shanga. Hodhi moja lenye taa ya kweli lingeirudishia Tabora sehemu ya deni hilo: kuona, kwa macho yake yenyewe, kile ambacho mito yake yaweza kukitunza au kukizima.